Joto la Uani kwa Mama Okot

Simu ya Adong ilinikuta Kikuubo, dukani kwangu, nikibishana na fundi aliyetaka mabati membamba kuliko yote niliyonayo kwa ajili ya vyumba sita vya kupangisha. Nilikuwa nimemuuliza kama wapangaji wake anataka kuwalaza au kuwachoma, naye alikuwa bado anatafuta jibu la kunikomoa. Adong ni binti wa mwisho wa Mama Okot. Hakuzunguka. “Anti Hajara, Mama ametuacha leo asubuhi,” akasema. “Kesho saa nane watu wanakuja kuomba hapa Ntinda, halafu gari inampeleka Gulu.” Nilimwambia nitakuwepo. Kisha nikakaa juu ya rundo la mabati, jambo ninalowakataza wafanyakazi wangu kila siku, nikalia mbele ya mteja. Fundi akavua kofia, akasema, “Pole sana, nyabo,” akaondoka bila kununua, nami sikumfuata mlangoni.

Nauza mabati, kwa hiyo mtu asije kunihubiria ubaya wa mabati. Naujua kuliko yeye. Najua chumba chenye bati tupu kinavyokuwa saa nane mchana mwezi wa Februari, najua ua uliofunikwa saruji unavyotunza jua mpaka jioni na kulirudisha kwenye miguu ya watu, na najua kwamba ukishakata mti hakuna duka Kampala nzima litakalokuuzia kivuli chake. Haya sikuyasoma kitabuni. Niliyajifunza katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kusoma kipimajoto katika ua wa mke wa polisi mstaafu. Mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu huyu anayegombana na wateja wake, na wanaonilaumu kwa hilo wangemlaumu Mama Okot kwanza.

Kazi ilitoka kwa Mwalimu Kigundu, mtu mrefu, mpole, aliyefundisha chuo kikuu na kuvaa soksi zisizofanana. Alitaka kujua kwa nini mji mmoja, chini ya jua moja, una joto tofauti kila mtaa. Alitengeneza masanduku meupe ya mbao yenye matundu ubavuni, makubwa kama mzinga wa nyuki, akaweka kipimajoto ndani ya kila moja na kuyapandisha juu ya nguzo. Moja aliliweka Kikuubo, katikati ya maghala. Moja aliliweka Old Kampala, kwenye baraza la nyumba tuliyokaa na Haboba, bibi yangu. Mawili aliyapeleka Ntinda, kwa sababu alipata huko ua uliogawanyika nusu kwa nusu: upande wa geti umemwagiwa saruji mwaka huohuo, upande wa ndani ni udongo na majani, na mfenesi mkubwa juu yake. Sanduku moja likasimama kwenye saruji, la pili chini ya mfenesi. Mimi nikapewa Ntinda. Sababu haikuwa akili yangu. Mpangaji wa pale, Mama Okot, alikuwa Muacholi aliyeishi na mumewe katika kambi za polisi ujana wake wote, na Kiganda hakutaka hata kukisikia. Kiswahili alikisema, tena cha amri, nasi Wanubi tulikisema nyumbani. Kila siku saa nane kamili nilipaswa kufungua masanduku, kusoma, kuandika, kufunga.

Siku ya kwanza alinipokea getini kama anampokea mkaguzi. “Wewe ndiye mtu ya chuo?” akauliza. Nikamwambia ndiyo. “Umekula?” Nikamwambia bado. “Basi kazi ngojea.” Akaniketisha jikoni, chumba cheusi kwa moshi lakini kisafi kiasi cha kunitia aibu nilipokumbuka jiko letu, akanipa ugali wa ulezi na mboga za majani walizoziita boo, zimepikwa kwa simsim na karanga za kusagwa mpaka zikawa nzito. Nilimuuliza kwa woga kuhusu sufuria, kwa sababu mimi ni Mwislamu na nilijua wao hula nguruwe. Hakukasirika. Kesho yake nikakuta sufuria ndogo mpya imening'inizwa kwenye msumari wake peke yake, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote aliyeigusa alipigwa kofi mkononi. “Hiyo ya Hajara,” alikuwa akisema. Nimepikiwa na watu wengi tangu wakati ule, wengine wakiwa na mapenzi makubwa, lakini hakuna aliyenitundikia sufuria.

Mumewe, Afande Okot, alikuwa amepooza upande mmoja. Chumba chao kilikuwa na bati bila dari, na ikifika saa tano hakikukalika, basi wanawe walimtoa na kitanda chake cha chuma mpaka chini ya mfenesi, akalala pale na redio yake hadi jua lipoe. Pale alikuwa mtu. Alinukuu habari za redio, aligombana na watangazaji, na mimi aliniita Konstebo. “Konstebo, ripoti,” alikuwa akisema nikifunga sanduku, na mimi nilisimama wima nikamtajia namba. Siku moja, mvua ilipochelewa, wakajaribu kumwacha ndani kwa sababu ya mafua, na ilipofika saa saba alikuwa amenyamaza, midomo imekauka, hamjui mkewe. Walimtoa, wakampepea chini ya mti, na baada ya saa nzima akauliza nani amezima redio. Mama Okot aligeuka upande wa ukuta ili asionekane anafuta macho. Tangu siku ile niliuona ule mti kama ambavyo yeye aliuona.

Mwenye nyumba, Bwana Mayanja, aliuona vingine. Alikuwa mcheshi, amezoea kuja Jumamosi na mfuko wa samosa kwa watoto wa wapangaji, na sikuwahi kumchukia, ingawa nilijaribu. Alitaka kumaliza saruji mpaka ukutani, mfenesi ukatwe, na pale pajengwe vyumba vingine vinne. “Mti unaangusha majani, unaleta nzi, mizizi inapasua ukuta,” alisema. Mwalimu Kigundu akamwomba asubiri miezi mitatu, namba zitoke. Bwana Mayanja, aliyependa kuonekana mtu wa maendeleo, akakubali. “Mimi nataka kalatasi,” akasema kwa lafudhi yake ya Kiganda. “Kalatasi ikisema mti una kazi, mti unabaki. Ikisema hauna, mnisamehe.” Mama Okot alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alipoondoka yule bwana, akaniuliza, “Hiyo karatasi unaandika wewe?” Nikamwambia kwa majivuno ya kitoto kwamba, ndiyo, karatasi itatoka kwenye daftari langu.

Kila Jumamosi nilikusanya madaftari ya wenzangu waliosoma masanduku mengine, na hapo ndipo nilipoanza kuujua mji kwa ngozi. Old Kampala sikuhitaji kipimajoto. Nyumba yetu ilijengwa na Wahindi wa zamani, kuta nene za kukaa mtu juu yake, paa la juu, baraza pana, na Haboba alipika gurusa, mkate wetu mwembamba, pale barazani mchana wa jua kali bila kufuta jasho. Kikuubo kulikuwa na vichochoro vyembamba ambavyo jua halikufika chini, na bado joto lilikuwa palepale, la watu, la maghala, la kuta zilizosongamana bila kuacha upepo upite. Msomaji wa pale, dada mmoja muuza sabuni, aliniambia, “Hapa usiku unaingia lakini mchana hautoki.” Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo, naye akayaandika kwenye ukingo wa daftari lake kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoziandika namba. Lakini alipofika ukurasa wangu alikunja uso. “Ntinda inanishangaza,” akasema. Wiki za mwanzo sanduku la saruji lilipanda sana kuliko la mfenesi, kama alivyotarajia. Kisha likaanza kushuka. Mwezi wa pili wa kupima, yote mawili yalikuwa karibu sawa. Akanituma nihakikishe kipimajoto hakijavunjika. Nikahakikisha. Kilikuwa kizima.

Miezi mitatu ilipoisha Bwana Mayanja aliidai karatasi yake, na Mwalimu, ambaye hakujua kudanganya hata kwa faida yake, akampa namba kama zilivyokuwa, huku akisema kwamba anazitilia shaka. Shaka haikusikika. Bwana Mayanja alisoma mara mbili, akacheka, akanipa mimi samosa ya kwanza. “Mmeona? Saluji na mti ni kitu kimoja.” Akasema wakata miti watakuja baada ya wiki mbili. Mama Okot alikuwa anatazama karatasi ile mkononi mwa mwenye nyumba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefuata amri zote na bado akaadhibiwa.

Sikufika mapema kwa kusudi. Ilikuwa Alhamisi, barabara ya Ntinda haikuwa na foleni, muujiza wa kwanza, na saa saba na nusu nilikuwa getini. Geti lilikuwa wazi. Sakafu yote ya saruji ilikuwa inameta maji, na juu ya nguzo sanduku langu lilikuwa limefunikwa kitenge cha kijani, kimelowa, kinadondosha, kama mgonjwa wa homa aliyewekewa kitambaa kipajini. Mama Okot alikuwa anakimwagia maji kwa kikombe, pole pole, huku akikilainisha pembeni kwa kiganja. Maji yale alikuwa ameyabeba mwenyewe kutoka bombani chini barabarani. Miezi yote nilikuwa nimeikuta ile sakafu mbichi na sanduku lina unyevu, nikadhani ni usafi wake tu, nikakanyaga, nikaandika, nikala.

“Mama Okot,” nikasema, “unafanya nini?”

Aligeuka bila kushtuka. “Nashusha,” akasema. “Hii imeumwa na joto. Sasa bado kidogo, ngoja ifike.”

“Kwa nini unaishusha?”

Alinitazama kama ambavyo mtu anamtazama mtoto anayeuliza kwa nini watu wanavaa viatu. “Wewe mwenyewe ulikuwa nasema mbaya. Kila siku unafungua, unasema, ‘Leo mbaya sana.’ Mimi nimekaa kambini miaka ngapi? Mkubwa akija kukagua akikuta mbaya, mtu mdogo ndiye anapigwa. Nikasema huyu mtoto hapana pigwa kwa sababu ya kiwanja yangu. Tena ukaguzi ikipita vizuri, hakuna mtu anabadilisha kitu. Wanaacha kila kitu pale ilipo. Na mti.”

Nilikaa chini kwenye saruji ile mbichi. Ni kweli nilikuwa nimesema mbaya. Nilisema kila siku, nikifuta jasho, nikitikisa kichwa, na hakuna siku hata moja niliyomweleza kwamba ile mbaya ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta, kwamba namba kubwa ya saruji ndiyo ingeutetea mfenesi. Nilimdhania mpishi, mwenye ua, mtu wa kunifungulia geti. Nikamweleza sasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa kitenge juu ya sanduku, akakikamua, akakikunja mara nne kama bendera. Halafu akaenda chini ya mfenesi, nami nikamsikia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili, pengine ili na mimi nisikie, “Mzee, mimi ndiye nimekata mti yako.” Redio ikazimwa. Afande akasema, “Basi ripoti kwa mkubwa. Wewe mwenyewe. Usimtume konstebo.”

Mimi nilitaka tunyamaze. Naliandika hili kwa sababu watoto wangu wananidhania nilizaliwa mkweli. Niliona daftari langu lote likichorwa msalaba, kazi imekwenda, Mwalimu amenitazama kwa macho yale mapole ambayo ni mabaya kuliko matusi. Nilimwambia Mama Okot kwamba nitaanza kuandika vizuri kuanzia leo na ya nyuma tuyaache. Kesho yake asubuhi alikuja mpaka Old Kampala, amevaa gauni la kanisani na viatu vya mumewe vya kazini vilivyopakwa rangi, akakataa chai ya Haboba, na tukapanda bodaboda wawili nyuma ya dereva mmoja mpaka chuoni. Alisimama mbele ya meza ya Mwalimu, visigino pamoja. “Kosa ni yangu,” akasema. “Huyu mtoto alikuwa hajui. Nimemwagia sanduku ya serikali maji kwa miezi miwili na nusu. Sasa uandike.”

Mwalimu aliomba arudie mara mbili. Kisha akainamia meza, mabega yakamtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi. Alimtafutia kiti. “Kalibu, mama, kaa,” akasema. Akatoa kabatini kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji chini, akamwonyesha. “Sisi hiki tunakinunua Ulaya. Wewe umekitengeneza na kitenge.” Akamwelezea, kwa Kiswahili chake cha kusitasita, kwamba maji yakikauka yanaondoka na joto, na kwamba mti unafanya hivyohivyo mchana kutwa kwa majani yake bila kutumwa bombani. Mama Okot akafikiri. “Kwa hiyo mimi nilikuwa nafanya kazi ya mti,” akasema. Mwalimu akasema ndivyo. Halafu akachukua kalamu nyekundu na kukata kurasa zangu zote za Ntinda, mmoja baada ya mwingine, mbele yetu, na hakunifukuza. Aliniambia tu, “Hajara, siku nyingine mweleze mtu unachotafuta kabla hajakusaidia kukipata.”

Tulipima siku kumi bila maji. Saruji ikapanda, mfenesi ukabaki chini, pengo likawa wazi hata kwa mtu asiyejua kusoma. Tukampelekea Bwana Mayanja karatasi ya pili, Mwalimu, Mama Okot na mimi, na ni lazima niseme kwamba alitusikiliza. “Mwezi jana saluji ilikuwa balidi,” akasema mwishoni. “Leo ni moto. Mwezi ujao mtaniambia nini, balafu? Mimi si mtu mbaya. Lakini fundi nimeshampa neno.” Wakata miti walikuja Jumatatu saa tatu. Afande aliomba asitolewe nje siku hiyo. Mafenesi yalianguka mabichi na mabivu, harufu yake ikajaa mpaka barabarani, na majirani walikuja kuchukua na mabeseni, wakitupa pole huku wakichagua. Saa nane nikafungua masanduku yangu. La kwanza nyuzi thelathini na tatu. La pili thelathini na tatu. Yalikuwa sawasawa, na safari hii hakuna mtu aliyeyasaidia.

Nilimwambia Afande ripoti yangu mlangoni, kwa sababu chumbani hapakuingilika. Nilitamani anitukane. Alisema, “Sasa konstebo, tunafanya nini?” Ni swali ambalo limenilisha tangu siku hiyo. Nilikwenda Kikuubo kwa yule dada wa sabuni nikaomba magunia matupu, nikanunua mikeka ya mafunjo njiani, na kwa siku tatu mimi na Mama Okot tulisimama juu ya meza tukishona dari chini ya bati lile, sindano ya magunia ikipita kati yetu, jasho likituingia machoni, yeye akinifokea kwamba mshono wangu ni wa kiraia. Tuliacha nafasi ya mkono mzima kati ya dari na bati ili upepo upite. Nilitundika kipimajoto kitandani. Haikuwa kama chini ya mfenesi, hata kidogo. Lakini saa nane ilipofika Afande alikuwa macho, anagombana na redio. Aliishi miaka sita mingine chini ya dari ile, na mimi, niliyeanza kwa kuulizwa na majirani wao nani ameishona, nikaishia kuuza dari, halafu mabati, kwa sababu huwezi kumuuzia dari mtu asiye na paa. Hakuna bati linalotoka dukani kwangu bila mteja kusikia hotuba. Wengi wanaondoka. Wanaobaki wanalala.

Mimi na Mama Okot hatukuwahi kuizungumzia tena ile karatasi. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, nikiwa nimemletea mjukuu wake nguo, alisema ghafla, akichambua boo, “Kama ningekuuliza.” Nikamwambia, “Kama ningekueleza.” Akaitikia kwa kichwa, akanipa sufuria yangu nioshe.

Jana nilifika Ntinda kabla ya watu. Vyumba vinne vya Bwana Mayanja vipo, mwenyewe hayupo, mwanawe ndiye anayekuja Jumamosi, bila samosa. Saruji imefika ukutani. Nguzo moja ya Mwalimu bado imesimama pale getini na wameifunga kamba ya nguo. Mama Okot alikuwa amelazwa ndani, chini ya dari yetu, ambayo Adong ameibadilisha kwa mbao nzuri lakini akaacha ile nafasi ya mkono juu yake. Nilikaa naye kidogo. Nilimwambia kwamba nilimpenda, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia, kwa sababu kila nilipotaka kukisema aliniuliza kama nimekula. Nilipotoka nje jua lilikuwa limesimama juu ya ua na viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vitupu, vinachoma. Adong alikuwa na ndoo na kikombe. Alikuwa anamwaga maji kwenye saruji, mstari kwa mstari, pole pole, na juu ya viti vya mbele, vya wazee, alikuwa ametandika vitenge vilivyolowa. Mwanamume mmoja wa kamati akamwambia aache, watu watateleza. Adong akaniangalia.

“Mwache amwage,” nikamwambia yule bwana. “Anashusha.”

Nikatazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Nikakunja mikono ya gauni langu, nikamwuliza Adong kikombe cha pili kiko wapi.